Kosa la Baraza, Hasara ya Mwananchi: Mahakama ya Rufani na Kesi za Ardhi Zinazorudi Mwanzo

Ukiingia TanzLII, ile tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ukaanza kusoma hukumu za Mahakama ya Rufani kwenye migogoro ya ardhi, kuna kitu utakutana nacho mara nyingi mpaka kinauma. Watu wamegombania shamba miaka na miaka, wamepita Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, wamepita Mahakama Kuu, wamefika juu kabisa mbele ya jopo la majaji watatu, alafu hukumu inaisha bila kusema shamba ni la nani. Inasema mwenendo wa baraza umebatilishwa, hukumu ya baraza na ya Mahakama Kuu zimefutwa, faili lirudi chini shauri lisikilizwe upya mbele ya mwenyekiti mwingine na wazee wengine wa baraza, na kila upande ubebe gharama zake. Basi.

Mimi hili naliona ni tatizo kubwa kuliko tunavyolizungumzia. Kosa lililofanywa na mahakama au baraza lenyewe halitakiwi kubebwa na mtu aliyekuja kutafuta haki, na Mahakama ya Rufani inalijua hili vizuri sana kwa sababu kwenye kesi za jinai imekuwa ikilizingatia miaka yote. Kwenye ardhi hailizingatii vya kutosha.

Nianze na hao wazee wa baraza kwa sababu ndo chanzo cha rundo zima la hizi kesi. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, Sura ya 216, inataka baraza la wilaya likae mwenyekiti na wazee wasiopungua wawili, na wazee watoe maoni yao kabla mwenyekiti hajaandika hukumu. Kanuni za 2003 zikaongeza kwamba maoni hayo yawe kwa maandishi, yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Mwenyekiti hafungwi na maoni yao ila akiyakataa lazima aseme kwa nini. Mpaka hapo sawa kabisa, wazo ni zuri, mzee wa eneo anajua mila, anajua mipaka ya kienyeji, anajua ukoo gani ulilima wapi kabla hata ya vijiji vya ujamaa.

Sasa Mahakama ya Rufani ikatafsiri kwamba kuyaandika hakutoshi, maoni lazima yasomwe mbele ya wadaawa, yaani pande zote za kesi, kabla ya hukumu na kumbukumbu za shauri zionyeshe kwamba yalisomwa, ili mwananchi ajue wazee wamesema nini na aone kama mwenyekiti kweli aliwasikiliza. Hukumu inayotajwa sana hapa ni ya rufaa ya mwaka 2017 dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, na baada ya hapo zikaja nyingi za aina hiyohiyo. Unakuta maoni yapo kwenye faili lakini hakuna mahali panaonyesha siku yaliposomwa, au mwenyekiti kaandika tu kwenye hukumu kwamba wazee wamemshauri hivi na hivi na maoni yenyewe hayaonekani. Zote hizo zimevunjwa. Na mara nyingi hata wadaawa hawakulalamika, majaji wenyewe ndo wameliona wakati wanasoma faili, wanawauliza mawakili wazungumzie hoja hiyo, mawakili wote wawili wanakubali kwamba kweli kosa lipo, na shauri linafia hapo.

Mantiki ya majaji naielewa. Ukiruhusu mabaraza yaruke hatua moja kesho yataruka mbili. Lakini hebu jiulize nani kaumia hapo. Mwenyekiti aliyesahau hajapoteza kitu, huenda kashahamishwa wilaya nyingine au kashastaafu. Aliyeumia ni yule aliyeuza ng'ombe kumlipa wakili, na mwenzake wa upande wa pili naye vilevile. Na kesi ya ardhi ikirudi mwanzo hairudi kama ilivyokuwa, maana ushahidi wa ardhi ya kimila unakaa vichwani mwa watu wazima: mzee aliyeshuhudia mpaka ukiwekwa, jirani aliyekuwepo siku ya mauziano, balozi wa nyumba kumi aliyesaini karatasi ya mkono. Mwaka 2010 walikuja barazani wakaeleza, leo wengine wameshazikwa na wengine hawakumbuki. Kwa hiyo unaposema isikilizwe upya, ukweli ni kwamba unaagiza kesi nyingine yenye mashahidi wachache, na mara nyingi anayenufaika ni yule anayelikalia shamba sa hivi, awe mwenye haki au mvamizi.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba dawa ilikuwepo kwenye sheria hiyohiyo tangu mwanzo. Kifungu cha 45 (natumia namba za toleo la 2019) kinasema uamuzi wa baraza usitenguliwe kwa sababu ya kosa au upungufu kwenye mwenendo isipokuwa kama kosa hilo kweli limesababisha haki kupotea. Yaani Bunge lilishajua kwamba mabaraza yatakosea makosa madogo madogo, likaweka kinga mapema. Alafu mwaka 2018 likaongeza nyingine kubwa zaidi, lile lengo kuu ambalo mawakili wanaliita kanuni ya oksijeni, likaingizwa kwenye Sheria ya Mamlaka ya Rufani, Sura ya 141, kwamba mahakama iangalie kumaliza migogoro kwa haki, haraka na kwa gharama nafuu badala ya kunasa kwenye taratibu.

Na mwaka huohuo 2018 Mahakama ya Rufani ikiwa Mwanza iliitumia vizuri sana. Lilikuwa shauri la ardhi lililoanzia Baraza la Kata na aliyekata rufaa analalamikia namna baraza lilivyoundwa, majaji wakaangalia kifungu cha 45, wakaangalia hiyo kanuni mpya, wakasema hoja hiyo haikumnyima mtu haki yake, wakamaliza mgogoro. Wengi tulishangilia, tukajua sasa zile kesi za kurudi mwanzo zitapungua.

Lakini kuna rufaa ya vijiji vya Loliondo, Mondorosi na wenzake dhidi ya Tanzania Breweries na wengine, mgogoro wa shamba la Sukenya la zaidi ya ekari 12,000. Kwenye rufaa hiyo, iliyofunguliwa 2017 na kuamuliwa 2018, Mahakama ikasema kanuni ya oksijeni haiwezi kutumika kwa upofu dhidi ya masharti ya lazima ya kitaratibu yanayogusa msingi wa shauri. Rufaa ikakwama kwenye taratibu kabla hoja yenyewe ya ardhi haijaguswa. Sentensi hiyo ndo imekuwa silaha ya kila wakili anayetaka rufaa ya mwenzake itupwe. Sasa tunayo mistari miwili inaenda sambamba, jopo moja linasema tuangalie haki, jopo lingine linasema hili ni la msingi haliponi, na mwananchi hajui yupi atamkuta siku yake. Hapo jopo kamili la majaji watano likikaa likasema waziwazi kosa gani ni la msingi na lipi linapona litakuwa limesaidia watu wengi sana.

Sasa twende kwenye jinai uone tofauti.

Kwenye jinai mahakama ikikuta mwenendo wa chini ni batili haikimbilii kusema isikilizwe upya. Inajiuliza kwanza, je, kuirudisha itakuwa haki? Hii ni kanuni ya zamani, iliwekwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1966, kabla hata hatujawa na hii yetu iliyoanzishwa 1979 baada ya Jumuiya kuvunjika. Inasema kesi isirudishwe kama itaupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake, wala isirudishwe pale ambapo itamuumiza mshtakiwa isivyo haki. Majaji wanapima ushahidi uliopo una nguvu gani na mtu kakaa gerezani muda gani.

Mfano mzuri ni kesi za uhujumu uchumi, hasa za nyara za serikali na silaha. Mahakama ya chini haiwezi kuzisikiliza mpaka DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, atoe ridhaa yake, na kama mahakama hiyo si ile inayohusika moja kwa moja na uhujumu, atoe na hati ya kuipa mamlaka. Kuna kesi nyingi Mahakama ya Rufani imekuta ridhaa imetaja kifungu kisicho sahihi, au haikutaja kabisa, ikasema mahakama ya chini haikuwa na mamlaka, mwenendo wote batili. Alafu inaingia kwenye swali la pili, turudishe au tumwachie? Na mara nyingi mtu kashatumikia sehemu kubwa ya kifungo au ushahidi una matundu, vielelezo havikusomwa mahakamani baada ya kupokelewa, mlolongo wa utunzaji wa kielelezo haueleweki toka kilipokamatwa mpaka kilipofika mahakamani, basi wanaamuru aachiwe. Kosa lilikuwa la ofisi ya mashtaka na hasara imebebwa na upande wa mashtaka. Nakubaliana nalo, ndivyo inavyotakiwa.

Swali hilo hilo, kwa nini lisiulizwe kwenye ardhi? Tukirudisha nani ananufaika, nani anaumia, mashahidi wapo, ushahidi uliopo kwenye kumbukumbu unatosha kuamua? Hakuna sheria inayokataza kuuliza.

Ila nisiipambe jinai kupita kiasi, kuna sehemu nako mzigo unaangukia mtu ambaye hakukosea. Fikiria mtoto aliyebakwa. Marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya 2016 yanasema mtoto mdogo, yaani asiyezidi miaka 14, anaweza kutoa ushahidi bila kiapo ila kwanza aahidi kusema ukweli na si uongo. Hakimu akisahau kuichukua ile ahadi na kuiandika, ushahidi wa mtoto unatupwa, na kwa kuwa kwenye makosa haya ushahidi bora ni wa mwathirika mwenyewe, ukiutoa huo hakuna kinachobaki na mshtakiwa anaachiwa. Mtoto kasimama mbele ya watu wazima asiowajua kaeleza kila kitu, hakimu kakosa sentensi moja, mwisho wa siku mtoto anakutana na yule mtu mtaani. Kuna majopo ya karibuni yamelegeza, yamesema kama mtoto anaonekana anasema kweli na ushahidi wake unaaminika basi ukosefu wa ahadi peke yake usiuue ushahidi huo. Huo ndo mwelekeo wa kushikilia, kwa sababu sheria hiyohiyo ya ushahidi inaruhusu kuamini neno la mtoto kwa sababu zitakazoandikwa.

Kingine kwenye jinai ni dhamana, hapa kuna jambo watu hawaliunganishi. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu kukifuta kifungu cha 148(4) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilichompa DPP uwezo wa kuzuia dhamana kwa karatasi yake tu. Ilikuwa hukumu ya maana. Lakini Agosti 2020 ikarudisha kifungu cha 148(5), kile chenye orodha ya makosa yasiyo na dhamana kama mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha, ambacho Mahakama Kuu ilikuwa imekifuta miezi michache nyuma. Kwa hiyo mtu wa kesi ya mauaji ambaye mwenendo wake umebatilishwa kwa kosa la jaji na kuamriwa kesi ianze upya, anarudi mahabusu na hana dhamana, anasubiri tena. Amri ya kurudia kesi kwa mtu huyo ni miaka mingine ya maisha yake, na ndo maana lile swali la 1966 lina uzito wote ule.

Upande wa biashara naupitia kwa ufupi maana huko Mahakama ya Rufani kwa kweli imekuwa imara na inatabirika. Msimamo wake ni kwamba mkataba ni mkataba. Kwenye kesi ya Bhatia Brothers ya mwaka 2000 ilisema haipendi visingizio vya kutotekeleza mkataba kama hakuna udanganyifu, hakuna mtu asiye na uwezo wa kisheria, na hakuna sera ya umma inayoukataza, na msimamo huo umerudiwa mara nyingi mpaka leo. Mfanyabiashara akisoma hizo hukumu anajua asimame wapi. Nako kesi zinarudi mwanzo wakati mwingine, kwa mfano jaji akibadilishwa katikati ya shauri bila sababu kuandikwa, kama ilivyosemwa kwenye kesi ya kampuni ya Georges Centre dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Lakini kampuni ina wakili wa kudumu, ina kumbukumbu za maandishi, mkataba hauzeeki kama shahidi na riba inaendelea kuhesabiwa. Kurudi mwanzo kunaikera, hakuiangamizi.

Biashara inapokutana na ardhi ndo inauma, yaani kwenye mikopo ya benki. Nyumba imewekwa rehani, mkopo umeshindikana, dalali kaja kapiga mnada. Sheria ya Ardhi inamlinda mnunuzi wa mnada aliyenunua kwa nia njema, na Mahakama ya Rufani imelishikilia hilo kwa nguvu: hata kama benki ilikosea kwenye utaratibu wa kuuza, nyumba imeshaenda, wewe dai fidia kwa benki. Ridhaa ya mwenza nayo inatakiwa kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani, lakini mume akiapa hana mke na benki ikamwamini kwa nia njema, mke anakuja kuambiwa kwamba hakuwa ameweka zuio kwenye daftari la msajili wa hati. Ni wanawake wangapi wanajua kama zuio hilo lipo? Kisheria naelewa, mikopo lazima iaminike la sivyo hakuna benki itakopesha. Ila angalia ulinganisho huu: mnunuzi wa mnada analindwa dhidi ya kosa la benki ambalo hakulifanya, na mkulima wa Mbozi halindwi dhidi ya kosa la mwenyekiti wa baraza ambalo hakulifanya. Wote hawana hatia.

Kuna wanaosema Mahakama ya Rufani mikono yake imefungwa, kwamba kesi hizi ni rufaa ya pili na kwenye rufaa ya pili majaji wanaangalia sheria tu, hawaingii kwenye ushahidi. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Kifungu cha 4(2) cha Sheria ya Mamlaka ya Rufani kinaipa Mahakama nguvu zote za mahakama ilikotoka rufaa, pamoja na nguvu ya kufanya marekebisho ya mwenendo. Mahakama Kuu inaposikiliza rufaa ya kwanza toka barazani inaweza kuupima ushahidi wote upya, sasa kama nguvu hizo Mahakama ya Rufani inazo, inaweza kuingia kwenye viatu vya Mahakama Kuu ikamaliza. Na nguvu inayotumika kuubatilisha mwenendo mzima ni hiyohiyo ya kifungu cha 4(2), kwa hiyo inatumika kuvunja kila wiki. Itumike na kujenga.

Na kama majaji wanaona si sahihi wao kuamua nani mwenye shamba, ipo njia ya katikati. Ushahidi uliotolewa barazani hauna tatizo lolote kama kosa ni maoni ya wazee kutosomwa, kosa limetokea mwishoni baada ya mashahidi wote kumaliza. Batilisha kuanzia hapo tu. Faili lirudi, maoni yachukuliwe, yasomwe mbele ya wadaawa, hukumu mpya iandikwe. Kwenye kesi ambazo hukumu peke yake ndo mbovu Mahakama imekuwa ikiagiza hivyohivyo, iandikwe upya kwa ushahidi uleule. Hapo wale wazee waliokufa ushahidi wao unabaki hai kwenye kumbukumbu.

Naandika haya sa hivi kwa sababu mlango umepanuliwa. Tangu Desemba 2023, kwa Sheria Na. 11 ya mwaka huo, kwenye mashauri mengi ya madai huhitaji tena kuomba kibali cha Mahakama Kuu ndo ukate rufaa. Ni jambo zuri, lile ombi la kibali lilikuwa linakula muda na hela na watu walikuwa wanakwama hapo kabla hawajafika popote. Lakini maana yake mafaili ya ardhi yatakayofika kwa majaji yataongezeka, na mengi yametoka kwenye mabaraza yaleyale yenye makosa yaleyale.

Wakati tunasubiri jopo kamili au Bunge liweke sawa, kama una shauri barazani sasa na lilisikilizwa na wazee, usiache tarehe ya hukumu ipangwe kabla hujaomba maoni yao yasomwe, na hakikisha mwenyekiti anaandika kwenye mwenendo kwamba yamesomwa tarehe fulani mbele ya pande zote. Omba hata kama unaona unashinda, anayeshinda ndo mwenye cha kupoteza zaidi mwenendo ukibatilishwa. Angalia pia kama kila ushahidi umesainiwa mwishoni. Na ukishindwa Mahakama Kuu, notisi ya rufaa ni ndani ya siku 30, barua ya kuomba nakala za mwenendo na hukumu nayo iwe ndani ya siku 30 hizohizo, nakala ya barua umpe mpinzani wako na agonge mhuri au asaini kwamba kaipokea. Bila hiyo nakala kumfikia mwenzako, siku ulizosubiri msajili akuandalie nyaraka hazitolewi kwenye zile 60 za kuwasilisha rufaa, na ukitaka kuongezewa muda utatakiwa uieleze kila siku moja uliyochelewa.